Namna ya Kusoma Safu ya Milima Iliyomomonyoka: Kutoka Dodoma hadi Uluguru

Basi litokalo Dodoma kwenda Morogoro husafiri takribani kilomita 260, na njiani huvuka mpaka usio na bango wala kizuizi, nao ni ukingo wa bara la kale. Magharibi ya mpaka huo iko kratoni ya Tanzania, kiini kigumu chenye miamba iliyozidi umri wa miaka milioni 2,500, kinachoanzia Dodoma na kuenea Singida, Tabora na Shinyanga hadi Ziwa Viktoria. Mashariki yake yako mabaki ya safu ya milima iliyoinuka miaka milioni 640 hivi iliyopita, ikamomonyolewa mpaka mizizi yake ikabaki wazi juani. Wanajiolojia huiita Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na Mwingereza Arthur Holmes katika andiko lililochapishwa mwaka 1951, na mwendelezo wake huonekana tangu Msumbiji na Madagaska, kupitia Tanzania na Kenya, hadi Ethiopia, Sudan na nchi za pande zote mbili za Bahari ya Shamu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutambua ukanda wa aina hiyo kwa macho, nyundo na ramani, na namna ya kufikiri kutoka kwenye jiwe lililo mkononi hadi kwenye bahari iliyotoweka. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mchimbaji mdogo anayeyajua mawe kuliko sisi wengi ila hakupata kuelezwa yalitoka wapi.

Anza kwa kuusahau urefu

Kosa la kwanza la wengi, nami nililifanya, ni kudhani kwamba mlima mrefu ndio uliokunjwa zaidi na kwamba palipo tambarare hapakuwahi kuwa na mlima. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni volkano iliyojengwa kwa lava katika kipindi kisichozidi miaka milioni 3, na hauhusiani na mgongano wa mabara isipokuwa kwamba umeketi juu ya miamba ya ukanda huo wa kale. Kinyume chake, tambarare za mto Wami, ambako mtu hapati hata kilima cha kumtoa jasho, zina miamba iliyowahi kulala chini kabisa ya safu kubwa ya milima.

Uluguru nao, ambao kilele chake kinapita mita 2,600, ni mtego. Miamba yake ni ya ukanda wa kale, lakini urefu wake wa leo umetokana na nyufa zilizokuja baadaye sana, zikainua kipande kimoja cha ardhi na kushusha kingine. Na habari ni hiyo hiyo kwa Usambara, Pare na Udzungwa. Ni kama mbao za jahazi lililovunjika zikachukuliwa na kujengewa banda: ubao ni wa jahazi kweli, lakini umbo la banda halikuambii jahazi lilikuwa na urefu gani. Kwa hiyo, unapoingia Morogoro na kuuona mlima umesimama nyuma ya mji, jizuie kusema kwamba huo ndio mlima wenyewe wa kale. Ulichonacho ni ubao tu, na kazi yako ni kuusoma.

Jifunze mwendo kwa sanduku la mchanga

Kabla ya kwenda popote, fanya jaribio hili mezani, kwa sababu picha za vitabuni huonyesha mwisho wa kisa bila mwendo wake. Tafuta sanduku linaloonyesha ndani, la kioo au plastiki, lenye urefu wa sentimita 40 hivi. Kasha la samaki wa mapambo hufaa sana. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita moja, kisha nyunyiza unga wa ngano uwe mstari mweupe, kisha mchanga tena, mpaka upate matabaka manne au matano. Simamisha kipande cha ubao mwisho mmoja wa sanduku, kiwe kinaenea upana wote, halafu kisukume polepole kuelekea mwisho wa pili huku mwenzako akitazama ubavuni.

Mwanzoni huoni ila uvimbe karibu na ubao. Halafu mstari mweupe hukatika kwa mshazari, na sehemu ya nyuma hupanda juu ya sehemu ya mbele. Ukizidi kusukuma, ufa ule huacha kusogea na mwingine huzaliwa mbele yake, kisha mwingine mbele ya huo, mpaka unapata rundo la vipande vilivyopandana kama vigae vya paa, rundo nene karibu na ubao na jembamba kule mbele. Andika daftarini mambo mawili. La kwanza, matabaka yamefupika kwa urefu na kunenepa kwa kimo. La pili, nyufa zote zimeinamia kule unakotoka msukumo; ukiwa na ubao upande wa mashariki, nyufa zitashuka kuelekea mashariki na vigae vitakuwa vimepanda kuelekea magharibi. Jambo hili la pili utalihitaji utakapokuwa barabarani.

Sanduku lina uongo mmoja. Sakafu yake ni ngumu, ilhali ganda la dunia halikukaa juu ya sakafu. Linaelea juu ya koti la dunia, yaani tabaka zito lililo chini yake, kama jahazi linavyoelea. Jahazi likipakiwa shehena huzama zaidi, na ganda likinenepa hivyo hivyo huota mzizi kwenda chini. Hesabu yake ni nyepesi. Ganda la bara lina uzito wa wastani wa kilo 2,800 kwa mita ya ujazo, na koti kilo 3,300. Gawanya 2,800 kwa tofauti ya namba hizo mbili, yaani 500, upate 5.6: kila kilomita moja inayoinuka juu hudai kilomita 5.6 za mzizi chini. Uwanda wenye kimo cha kilomita 5, kama ule wa Tibet, unadai mzizi wa kilomita 28. Ukijumlisha na zile kilomita 5 za juu na unene wa kawaida wa ganda la bara, ambao ni kilomita 35 hivi, unapata kilomita 68. Vipimo vya mawimbi ya matetemeko ya ardhi chini ya Tibet hutoa takribani 70.

Katika dunia halisi, ubao wa kusukumia ni bamba, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, kinachosogea. Sakafu ya bahari, kadiri inavyozeeka na kupoa, huwa nzito kiasi cha kuweza kuzama chini ya ukingo wa bara na kurudi kwenye koti, na kuzama kwake huvuta kila kilichounganika nayo nyuma, kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka, ambao ni mwendo wa kucha kukua. Huko Amerika ya Kusini bamba la Nazca lingali linazama hivyo, na safu ya Andes imeinuka juu yake. Bahari ikiisha yote, bara lililokuwa ng'ambo huwasili ukingoni, na kwa kuwa bara ni jepesi na haliwezi kuzama lote, mabara mawili hugongana; ndivyo India ilivyoigonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita. Mahali penye mgongano mara zote huwa ni ukingoni, si katikati ya bara, kwa sababu ukingo ndio mshono. Pale ganda lilikwisha kuvutwa na kukonda wakati bahari ilipofunguka, na mashapo ya mito yakalundikana juu yake kwa mamilioni ya miaka. Fundi cherehani yeyote atakuambia kanzu huachia wapi kwanza.

Maandalizi

Ramani ni muhimu kuliko nyundo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake yako Dodoma, ina ramani za robo digrii zinazoonyesha aina za miamba. Tafuta zinazofuata njia yako. Mengine ni dira, kioo cha kukuzia mara kumi, chupa ndogo ya siki, daftari, na nyundo yenye kichwa cha chuma kigumu, kwa maana nyundo ya seremala huvunjika na vipande vyake huruka machoni. Machimbo ya kokoto yana wenyewe, na kijiji kina mwenyekiti; piga hodi kabla ya kugonga jiwe. Mererani usiende kwa kubahatisha: eneo la tanzanaiti limezungushiwa ukuta tangu mwaka 2018 na haliingiliwi bila kibali. Kwenye makato ya barabara, mmoja asimame kuangalia malori. Dereva wa lori haoni kwa nini mtu mzima achuchumae kwenye kona akilamba jiwe, nawe huwezi kumlaumu.

Kulamba si mzaha. Jiwe lenye unyevu huonyesha rangi zake vizuri zaidi.

Tafuta ukingo wa bara

Anzia Dodoma penyewe, kwenye majabali ya granaiti yaliyosimama katikati ya mji na kuuzunguka. Chukua kipande kilichomeguka karibuni ukitazame kwa kioo. Utaona punje za kwatzi zinazong'aa kama sukari guru, feldispa nyeupe au ya waridi, na vijipande vyeusi vya ulanga, vyote vimekaa ovyo bila kuelekea upande mmoja. Mwamba huu uliganda kutoka kwenye magma, na tangu hapo haukubughudhiwa sana.

Sasa elekea mashariki, Kongwa hadi Gairo, ukisimama kila panapokatwa kilima. Mahali fulani, si kwa ghafla bali kidogo kidogo, vijipande vyeusi huanza kujipanga mstari, feldispa hubanwa zikawa kama kope za jicho lililofumba, na mwamba huwa na mistari ya weupe na weusi. Huo ni naisi. Ni granaiti ile ile ya bara la kale, au ndugu yake, ila imepashwa moto na kubanwa. Ukingo wa kratoni hauonekani kama ukuta, bali kama kitambaa kinavyoanza kukunjamana kadiri unavyoukaribia mkono unaokisukuma.

Hapa naungama kosa langu la pili. Katika safari yangu ya kwanza nilitumia siku nzima nikipima mistari ya naisi kwa dira nikiamini kwamba ni matabaka ya mashapo, mchanga na tope vilivyotulia chini ya maji, na jioni nikachora bonde la ziwa la kale ambalo halikuwahi kuwapo. Mwalimu aliyekuwa nasi alitazama mchoro, akanyamaza, kisha akanipa kioo chake. Tofauti iko hivi: tabaka la mashapo hutofautishwa na ukubwa wa punje, punje kubwa chini na ndogo juu, na mara nyingine alama za mawimbi, ilhali mstari wa naisi hutofautishwa na aina ya madini, meupe upande mmoja na meusi upande wa pili, na punje zake zimeota zikashikana kama meno ya zipu. Mstari wa naisi haukuambii maji yalitulia wapi. Unakuambia msukumo ulitoka wapi.

Basi pima mwinamo wake. Katika ukanda huu, kwa jumla, miamba huinamia mashariki, ingawa mikunjo ya kienyeji itakuchanganya mara nyingi. Rudi kwenye daftari la sanduku la mchanga: nyufa zilizoinamia mashariki ni vigae vilivyopanda magharibi, na kwa hiyo miamba ya mashariki ilisukumwa ikapandishwa juu ya ukingo wa bara lililo Dodoma.

Tafuta kilichokuwa kimelala ukingoni

Ukingo wa bara usio na mgongano, kama pwani yetu ya leo, hukusanya vitu vitatu: mchanga wa mito, tope lenye mabaki ya viumbe, na chokaa ya maji mafupi yenye joto. Vikizikwa na kuokwa ndani ya mlima, mchanga huwa kwatzaiti, tope huwa naisi yenye ulanga na ganeti, chokaa huwa marumaru, na kaboni ya viumbe iliyokuwa ndani ya tope huwa kinywe, madini yale yale yanayowekwa ndani ya penseli. Ukikuta marumaru na kinywe katika ujirani mmoja, karibu una hakika kwamba umesimama juu ya sakafu ya bahari ya maji mafupi iliyopikwa.

Marumaru hupatikana kuzunguka Uluguru, Mahenge, na ng'ambo ya mpaka huko Taita. Kuitambua ni kazi ya dakika mbili. Kwanza ikwaruze kwa kisu: marumaru hukwaruzika, kwatzi haikwaruziki. Kisha saga kidogo iwe unga juu ya jiwe bapa na udondoshee siki. Usidondoshee jiwe zima, kwa kuwa siki ni dhaifu na utasubiri bure. Unga ndio unaochemka mara moja, kwa vipovu vidogo vyenye sauti ukisogeza sikio. Ikichemka kwa uvivu sana, huenda ni ile yenye magnesiamu nyingi, ambayo nayo ni ndugu wa chokaa. Vipovu hivyo ni hewa ukaa iliyofungiwa ndani ya jiwe tangu bahari ile ilipokuwa na maji.

Wachimbaji wa vito wanaijua ramani hii kwa njia yao. Tanzanaiti ya Mererani, iliyotambuliwa mwaka 1967, imo ndani ya naisi za kinywe na jirani zake za marumaru. Rangi yake ya buluu inatokana na metali ya vanadiamu. Ganeti ya kijani, tsavoraiti, ambayo mjiolojia Campbell Bridges aliigundua Tanzania mwaka huo huo wa 1967 na Kenya mwaka 1970, nayo hukaa katika miamba ya kinywe na inadaiwa rangi na vanadiamu pia. Spineli na rubi za Mahenge zimo ndani ya marumaru. Anayefuata kinywe akitafuta kito anafuata, bila kuambiwa, tope la ukingo wa bara.

Tafuta sakafu ya bahari yenyewe

Hili ni gumu, kwa sababu sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ilizama na haikurudi. Vipande vichache hukwama kati ya mabara yanayogongana, na hujitambulisha kwa miamba ya kijani kibichi au myeusi, mizito, mingine laini na yenye utelezi wa sabuni. Ndani ya ukanda huu vipande vilivyo bora viko kaskazini zaidi, kama Sekerr huko Pokot Magharibi na Moyale nchini Kenya. Kati ya Dodoma na Morogoro mgongano ulikuwa mkali na mmomonyoko umekwenda kina kirefu mno, kwa hiyo usikate tamaa ukirudi mikono mitupu.

Kwa anayetaka kuona jambo hili likiwa bado bichi, ushauri wangu ni Oman, na wasomaji wengi wana ndugu huko wa kuwapokea. Katika milima ya Hajar, chokaa ya kijivu ya ukingo wa Uarabuni imejitokeza Jebel Akhdar katika matabaka yanayohesabika kwa macho, na kandokando yake iko sakafu ya bahari ya rangi ya kahawia iliyoungua, ambayo magma yake iliganda miaka milioni 95 hivi iliyopita kisha ikasukumwa juu ya bara badala ya kuzama. Mtu aendaye kwa gari kutoka Muscat kuelekea Nizwa hupita katikati ya miamba hiyo bila hata kushuka. Ukishaiona Oman, utaelewa Sekerr. Bila Oman, Sekerr ni mawe ya kijani tu.

Kusini-mashariki mwa kratoni kuna ushahidi wa aina nyingine. Kwenye kilima cha Yalumba, katika ukanda wa Usagara, kuna eklojaiti, mwamba wa ganeti nyekundu ndani ya madini ya kijani yaitwayo piroksini, mzito kuliko unavyodhania ukiuinua. Asili yake ni lava ya sakafu ya bahari iliyozamishwa hadi kina cha kilomita 60 hivi, na umri wa kuzamishwa kwake ni miaka milioni 2,000. Maana yake ni kwamba ukingo huu wa bara ulikwisha kuwa na safu ya milima mara moja, ikamomonyoka, bahari nyingine ikafunguka na kufungwa, na ndipo ikaja safu ya miaka milioni 640. Hata Bonde la Ufa la leo, ambalo linaanza kulipasua bara upya, limegawanyika mikono miwili inayoizunguka kratoni kupitia kanda hizo za kale, badala ya kuipasua kratoni katikati. Mshono ule ule, kwa mara nyingine.

Pima kina

Ukifika kwenye miamba ya Uluguru, Usambara au Pare, tafuta iliyo na rangi ya kijani-kahawia inayofanana na mafuta yaliyoganda, yenye ganeti nyekundu za ukubwa wa choroko hadi harage. Ulanga umepungua au haupo, kwa sababu maji yaliyokuwa ndani yake yalifukuzwa na joto. Sogeza kioo karibu na punje nyeusi ya piroksini. Ukibahatika utaona mshipi mwembamba mwekundu wa ganeti umeizunguka, kama uzi uliotariziwa ukingoni mwa kofia. Mshipi huo huota mwamba unapopoa polepole ukiwa bado kina kirefu. Nao unakataza simulizi ya kwamba miamba hii ilipandishwa juu mara tu baada ya mgongano.

Maabara, kwa kupima kemikali za ganeti na za jirani zake, hutoa joto la nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi na mgandamizo wa bar 10,000 hivi. Gurudumu la gari dogo lina bar mbili na ushei. Kila kilomita ya mwamba huongeza takribani bar 275, kwa hiyo bar 10,000 ni kina cha kilomita 36. Fikiri sasa: jiwe lililokuwa kina cha kilomita 36 limo mkononi mwako, na chini ya miguu yako bado kuna ganda lenye unene wa kati ya kilomita 35 na 40. Jumlisha. Wakati jiwe lile lilipookwa, ganda la hapa lilikuwa na unene unaokaribia ule wa Tibet ya leo, isipokuwa kama sehemu ya ganda la chini imeongezwa baadaye. Hesabu hii haikupi kimo cha vilele kwa mita, na mtu akikutajia kimo hicho kwa uhakika, mwulize amekipima wapi. Inakupa mzizi, na mzizi ndio uliobaki.

Uliza zirkoni umri

Hatua hii huifanyi barabarani, lakini lazima uielewe ili usome ripoti za wengine bila kudanganyika. Zirkoni ni punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, ngumu mno, ambayo ikiota hupokea urani na kukataa risasi, ile metali. Urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani 238 hugeuka katika miaka milioni 4,468, na nusu ya urani 235 katika miaka milioni 704. Una saa mbili ndani ya punje moja, na zikikubaliana unaziamini.

Morogoro ina nafasi yake katika historia ya elimu hii. Uluguru palichimbwa ulanga tangu enzi ya Wajerumani, kutoka kwenye mishipa mipana ya miamba yenye fuwele kubwa, na humo ndimo yalimopatikana madini ya urani ambayo mkemia Willy Marckwald aliyaeleza mwaka 1906 na kuyaita ruthefodini, kwa heshima ya Ernest Rutherford. Jina hilo lingali katika orodha za madini za dunia nzima, na mahali pake pa asili pangali Uluguru.

Uzuri wa zirkoni ni kwamba haiyeyuki kirahisi. Mwamba ukipikwa upya, zirkoni ya zamani hubaki katikati na ganda jipya huota juu yake, kama kidonda kilichopona na kuacha kovu. Kwa hiyo kila punje inaweza kuwa na umri wa kiini na umri wa ganda, na anayekutajia namba moja tu anakuficha nusu ya habari. Upande wa magharibi wa ukanda, viini hutoa miaka milioni 2,000 hadi zaidi ya 2,500, na maganda hutoa kati ya milioni 640 na 550: bara la kale lililopikwa upya. Uluguru, Usambara na Pare, viini vingi hutoa kati ya milioni 1,000 na 700 tu: miamba iliyozaliwa wakati bahari ingali wazi, yumkini kwenye visiwa vya volkano vilivyokuwa juu ya bamba linalozama, ikaja kubandikwa ukingoni mgongano ulipotokea. Mpaka ulioutafuta kwa macho kati ya Kongwa na Morogoro, zirkoni huuchora kwa namba. Na pale macho na zirkoni visipokubaliana, rudi ukatazame tena mwinamo, kwa sababu huenda kigae kimoja kimepanda juu ya kingine na wewe ulikuwa ukitembea juu ya paa.

Malizia pwani

Ukiwa na siku moja ya ziada, usiishie Morogoro, nenda Tanga. Mwaka 1966 mwanajiofizikia J. Tuzo Wilson alipendekeza kwamba Atlantiki iliwahi kufungwa na kufunguka tena karibu mahali pale pale, na hapa kwetu kisa ni cha jinsi hiyo: mshono wa Ukanda wa Msumbiji uliachia tena, Madagaska ikaanza kujitenga na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita, na ukingo mpya wa bara ukazaliwa. Ndio tuliomo. Rufiji humwaga tope lake juu ya ukingo huo kila masika, na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo ndani ya mashapo yake.

Ingia kwenye mapango ya Amboni ukiwa na tochi na ile chupa ya siki. Chokaa ya humo ni ya kipindi cha Jura, enzi ya dinosaria, haijapikwa wala kubanwa, na matabaka yake yamelala karibu sawa na sakafu. Waombe ruhusa wahusika, okota kipande kilichokwisha kuanguka nje ya pango, kisage, udondoshee siki, kisha toa mfukoni kile kipande cha marumaru ulichokichukua Uluguru ukifanyie vivyo hivyo. Viweke pamoja juu ya jiwe bapa, uinamishe sikio, usikilize vinavyochemka kwa sauti moja.